Siku Niliyonyamaza Rebero

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya harusi. Si harusi yangu. Hapa Kigali kijana akienda kuomba mchumba hasemi yeye. Anakaa kimya kama mzigo, anasema mzee aliyechaguliwa kwa ulimi wake, na kwa miaka mingi mzee huyo mtaani kwetu Rwezamenyo nilikuwa mimi. Siku za kazi niliuza mitumba, Jumamosi niliomba mabinti wa watu. Viatu vile vyeusi nilivinunua kwa ajili hiyo, na vilikuwa vinabana kidole gumba cha kushoto. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta nimeandika vibaya, mjue kosa hilo ni la zamani.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja Kimisagara, nyuma ya karakana za wachomelea vyuma, na kelele zake hata salamu ilibidi uirudie. Lilikuwa shirika dogo la kusaidia watu wenye ugonjwa wa Tureti. Hilo ni jina la daktari wa Kifaransa wa zamani, lakini mimi nilidhani ni jina la mji, nikamuuliza Mratibu ni mbali kiasi gani. Hakucheka. Alikuwa mama mnene, mtulivu, aliyekulia Bujumbura, rozari ndani ya mkoba, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu.

"Baba Zaina," akaniambia, "tumekuchukua kwa sababu unajua kuongea na watu. Sasa nitakufundisha wakati wa kutoongea."

Nilijibu ndiyo, mama, nikidhani ni maneno tu ya mabosi.

Kazi yangu iliitwa mtembezi. Mtembezi anakwenda nyumbani kwa mtu, kanisani kwake, msikitini, kazini, anaeleza ugonjwa ili watu waache kumwogopa. Ilibidi kwanza nijifunze kitu kinaitwa tiki. Tiki ni mwili kufanya jambo ambalo mwenyewe hakuutuma: bega linaruka, shingo inapinda, macho yanapepesa. Hizo ni tiki za mwili. Za sauti ni mguno, mlio, au neno lililotoka tu. Wengi mmesikia kwamba watu hawa wanatukana. Wapo, lakini wachache sana, na mmoja niliyemjua alikuwa akimaliza anaomba msamaha mpaka unaona haya wewe uliyetukanwa. Kabla ya tiki kuna mwasho, kama chafya inapokuja. Chafya unaweza kuizuia kidogo. Jaribu kuizuia muda wa swala nzima, utaniambia.

Kwa kuwa kusoma kwangu kulikuwa kwa shida, Mratibu alinitengenezea daftari. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake, na juu yake tulichora mdomo. Mdomo wazi maana yake mwenyewe ameruhusu habari yake ielezwe. Mdomo uliofungwa, hujaruhusiwa, hata kwa mama yake mzazi. Hiyo ndiyo ruhusa, na ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni kutembea, na milima ya huku mnaijua.

Mtu wa tatu katika daftari alikuwa Fideli. Kijana mchomelea vyuma, karakana yake hatua chache kutoka ofisini, naye pia alikulia Burundi, wazazi wake wamekufa huko. Tiki zake zilikuwa bega la kulia, shingo, na mlio mmoja mfupi, "hep!", kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Ajabu yake ni hii: akishusha kinyago cha kuchomelea na moto ukawaka, mwili wote unatulia. Mstari wake wa chuma ulikuwa umenyooka kama umepigwa na rula. Akiinua kinyago, hep! Alinipenda kwa sababu nilimchekesha. Lakini ukurasa wake ulikuwa na mdomo uliofungwa.

Sasa nieleze kosa langu, maana mzee asiyeeleza kosa lake anawauzia vijana viatu vya mguu mmoja.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na ikiisha watu wanakaa kwenye mkutano. Mwezi ule niliifanya Kimisagara, kwa ajili ya ofisi. Mama mmoja akasimama akalalamika kwamba kijana wa geti la buluu analewa tangu asubuhi, anapiga makelele, watoto wanaogopa. Geti la buluu ni la Fideli. Yeye alikuwa nyuma kabisa, ameshika koleo lake. Ulimi wangu ukaniwasha. Nikasimama, nikaeleza kila kitu kwa ufasaha mkubwa, jina lake, ugonjwa wake, mabega na shingo, na jinsi anavyostahili kuhurumiwa. Watu walinipigia makofi. Nilirudi kukaa nikiwa nimevimba kama andazi.

Na kweli walimhurumia. Hilo ndilo lililomfukuza. Majirani walimletea uji. Kikundi cha maombi kilikwenda kumwekea mikono mara mbili kwa juma. Wateja walikuja kumtazama, wakamwambia pole kwa kila hep, na yule mama wa malalamiko akaanza kuzungumza naye polepole, kwa sauti ya juu, kama mtu asiyesikia. Baada ya wiki tatu Fideli alipakia mashine yake akahamia Rwezamenyo, upande wangu wa mlima.

Mratibu hakunigombeza. Aliweka daftari mezani mbele yangu, akafungua ukurasa ule, akanyamaza mpaka nikaomba ruhusa ya kutoka. Nilimfuata Fideli kwenda kuomba radhi. Aliendelea kufunga nyaya zake.

"Muzehe," akasema, "ulinivua nguo hadharani, halafu ukaniambia unanifunika."

Mimi, ambaye niliwahi kumjibu mwenyeji wa posa aliyeniambia binti yake amekwenda kuolewa mwezini, nikaishia kumshikia ncha ya waya.

Alinisamehe taratibu, kama mtu anavyokwangua chuma kutu: leo kidogo, kesho kidogo. Baadaye Mratibu alirudi kwao, akaja Mkurugenzi, bwana mrefu aliyekulia Uganda, Kiswahili chake cha kubahatisha lakini moyo safi. Alinihamishia Rwezamenyo kusimamia kikundi cha Alhamisi. Siku ya kwanza alinitazama akasema, "Mzee Idi, mdomo yako iko mzuri. Lakini iko mrefu." Nikamwambia nimeshaukata. Akasema ataona.

Kikundi cha Alhamisi kilikaa katika chumba kando ya fundi cherehani. Sheria zilikuwa chache. Hakuna kumtazama mtu kwa sababu ya tiki. Hakuna kusema pole kwa tiki. Anayetaka kuzungumza, azungumze, anayetaka kunywa chai tu, anywe. Na chai yenyewe tulijaza nusu kikombe, kwa sababu mkono ukiruka kikombe kilichojaa kinamuunguza mtu. Tulijaza nusu kwa wote, hata kwa Mkurugenzi, ili mwenye mkono unaoruka asionekane peke yake. Wageni walidhani sukari imetushinda. Fideli alikuja kila Alhamisi, na hapo mlio wake haukumshtua hata paka wa fundi.

Miaka ikaenda. Alhamisi moja alibaki nyuma wengine walipoondoka. Akaniambia amepata mchumba, Klodina, binti wa kilima cha Rebero, mwenye duka la vitambaa Kimisagara. Aliutengeneza mlango wa duka lake, akarudi kuukagua mara nyingi kuliko mlango wowote unavyohitaji. Klodina alijua yote tangu mlango haujapakwa rangi. Wazazi wake hawakujua. Fideli alikuwa amefika kwao mara mbili, kwa muda mfupi, amejizuia, na kila mara akirudi nyumbani mwili ulimlipuka mpaka akalala chini.

"Sina baba wa kunisemea," akasema. "Nataka unisemee wewe."

Nilidhani ananidhihaki. Nikamkumbusha umuganda.

"Nakumbuka. Ndiyo maana nakuomba, na mdomo wangu bado umefungwa. Wakiambiwa kabla, watanipa binti kwa huruma, au watanikataa kwa hofu. Nataka wanione mimi kwanza."

Nikamwambia shughuli ya posa inachukua masaa matatu, mtu hawezi kufunika chungu cha maharage muda wote huo. Akasema atajaribu. Nikamuuliza Klodina anasemaje. Akasema Klodina anataka isemwe, lakini anasema si yake kuisema.

Basi siku ikafika. Hema mbili zinatazamana uani kwa baba yake Klodina, jua la saa tano, wageni upande huu, wenyeji upande ule, mji wote uko chini yetu. Binti kama desturi yuko ndani, nyuma ya pazia, haonekani wala hasikiki mpaka wazee wakubaliane. Msemaji wa wenyeji alikuwa mwalimu mstaafu niliyemjua kwa sifa, mtu wa kejeli tamu. Maneno yalikwenda kwa Kinyarwanda, ninayageuza.

Alianza kwa kutuuliza tumepotea njia au tumefuata harufu ya chakula. Nikajibu. Akasema hawana binti, wana mbuzi tu. Nikajibu. Lakini jicho langu lilikuwa kwa Fideli. Ameketi katikati yetu, fimbo ya sherehe mikononi, na mimi niliyezijua tiki zake niliona kope zimeanza. Kisha bega, akaliegemeza kwenye kiti. Jasho likamtoka. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya maishani: nikafupisha. Vitendawili niliviruka, sifa za ukoo nikazikata katikati.

"Leo mmeleta msemaji mwenye haraka," mwalimu akasema. "Ameacha chungu motoni?"

Watu wakacheka, na katika kicheko kile ikatoka. Hep!

Kicheko kikakatika. Kila shingo ikageuka.

"Kumbe kijana wenu anaitikia kabla hajaulizwa," mwalimu akasema. "Au mmemnywesha kitu asije akakimbia? Msemaji wa wageni, hebu tueleze."

Hotuba nzima ilikuwa kinywani mwangu. Nilikuwa nimeitoa kwenye makanisa, misikiti na karakana, na ningeweza kuitoa usingizini. Baba yake Klodina alikuwa amekunja uso. Nilijua nikichelewa kidogo tu, neno lile la ulevi litakauka kama saruji na binti atakuwa amekwenda. Nikamtazama Fideli. Hakutikisa kichwa wala hakuinamisha. Nikauona ule ukurasa.

"Swali hilo silo langu," nikasema. "Mwenye jibu yupo."

Nikakaa. Msemaji kukaa kabla hajashukuriwa, huku kwetu ni kama imamu kuondoka katikati ya swala.

Fideli akasimama.

"Sijalewa," akasema. "Nina ugonjwa wa Tureti. Mwili unaruka na sauti inatoka bila mimi kuituma. Hauambukizi, na haunizuii kazi. Mlango wa duka la Klodina niliuchomelea mimi, na mpaka leo haujalegea. Nimejizuia tangu mlipotukaribisha, wazee wangu, na nimechoka. Naomba ruhusa niache kujizuia, halafu muamue mkiwa mnaniona."

Hakusubiri ruhusa, hakuweza. Bega likaruka, shingo ikapinda, hep, hep, hep, mpaka fimbo ikaanguka. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema pole pia, labda kwa sababu hawakujua waseme nini, nami nikamshukuru Mungu kwa kutojua kwao. Baba mtu alitazama viatu vyake. Nami nikatazama vyangu, vilevile vyeusi, na kidole gumba kikaniuma.

Ndipo bibi yake Klodina, kikongwe aliyekaa mbele, akaanza kukohoa. Alikohoa kikohozi kirefu, cha kutoka mbali, mpaka machozi yakamtoka. Akajifuta.

"Hata mimi nilikuwa nimekibana tangu asubuhi," akasema. "Nimekatazwa kukohoa wazee wakisema."

Hema zote mbili zikaangua kicheko, na safari hii Fideli alicheka nao. Baba mtu hakucheka. Aliuliza swali moja tu.

"Klodina alijua?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Nilijua, baba. Nilimjua hivyo hivyo."

Mwalimu akatupa mikono. "Desturi imekwisha leo. Msemaji amekaa, bwana harusi amesema, bibi harusi anajibu kupitia pazia. Mimi nimebakiwa na kazi gani?"

"Umebakiwa na kusema ndiyo," baba mtu akamwambia.

Akasema ndiyo. Akaisema kwa maneno mengi, maana ni mwalimu, lakini mimi nilisikia lile la kwanza tu. Nilivua kiatu cha kushoto pale pale chini ya kiti.

Niliacha kazi mwaka uliofuata. Magoti, si kingine. Mkurugenzi aliniaga kwa kusema mdomo yangu sasa iko sawasawa, nami naitunza sifa hiyo kuliko cheti alichonipa, kwa sababu cheti siwezi kukisoma chote. Mtembezi mpya alipokabidhiwa daftari aliuliza kwa nini ukurasa wa Fideli bado una mdomo uliofungwa, na watu wote wa Rebero wanajua. Nikamwambia wanajua kwa sababu aliwaambia yeye. Akitaka ubadilishwe, atakwambia.

Vijana mnaonisoma, sina hekima nyingi ya kuwaachia. Fideli hakupona, na sikuwahi kumponya mtu yeyote. Nilichofanya vizuri kuliko vyote katika kazi ile nilikifanya nikiwa nimekaa chini, mdomo umefumbwa. Najua mtashangaa, kwa urefu wa maneno haya.

Jumapili wanakuja kunitembelea. Nikiwa barazani nasikia hep kutoka njia ya chini kabla sijawaona, namwambia mke wangu aongeze maji kwenye birika. Mara ya kwanza niliwajazia nusu kikombe, kwa mazoea. Klodina akakitazama, akamtazama mumewe.

"Muzehe ameanza ubahili," Fideli akasema. "Jaza bwana. Kikimwagika, kimemwagika."

Basi najaza.