Kiherehere na Mkasi wa Seli

Mpwa wangu Kiherehere anafuga seli maabara. Wenzangu wana wapwa wanaofuga kuku, na kuku ukimcheleweshea chakula anapiga kelele. Seli zinakufa kimya kimya, hata lawama hazikupi. Jina hilo nilimpa mimi, maana tangu anaota meno alikuwa anajibu swali hujamaliza kuliuliza. Akili kairithi kwa mjomba wake. Mimi shule niliiacha mapema ili wengine nao wapate kushika namba moja, nikashika cherehani, na leo hakuna suruali mtaani kwetu isiyonijua.

Kazi yake nitaieleza mimi, yeye anaichanganya. Kirusi ni fundi asiye na hata sindano. Anakuja kwenye seli ya mtu mikono mitupu, anakuta protini yenye kazi ya kukata, mithili ya mkasi wangu huu, anauazima bila kuomba, anapasua koti lake mwenyewe na kuingia ndani. Watu wengi wanatafuta dawa ya kumpiga kirusi, naye kigeugeu, kesho kabadili sura. Mkasi wa seli haubadiliki ovyo. Kiherehere akaomba ajaribu dawa ya kuufunga huo mkasi. Mkuu wa maabara, mama mmoja mkavu kama chaki, akakubali kwa sharti: Jumatatu alete majibu ya kueleweka mbele ya wenzake, la sivyo arudi kuosha vyombo vya kioo, kazi aliyoanzia.

Alhamisi akanipigia simu anahema. Kwenye kisahani cha seli alichotia virusi pamoja na dozi kubwa ya dawa hapakuwa na kirusi hata kimoja. Nilikuwa nampima mteja kiuno. Nikamwacha mikono juu, nikatoka kutangaza. Muuza magazeti, kinyozi, hata jirani tusiyesalimiana naye, wote walijua ukoo wetu umemaliza maradhi. Nikaanza kumshonea koti la Jumatatu.

Jumamosi akaja kulijaribu, kasimama kama kigogo. Nikamwuliza kama linabana kwapani.

"Mjomba, nimeua seli."

Kumbe kuna kisahani kingine kinachotiwa dawa tupu, bila virusi, ili kuona kama dawa inawadhuru wenye nyumba, yaani seli zenyewe. Kwa pupa yake hakukitazama hadi asubuhi ile. Seli zote zimejikunja, zinaelea kama majani ya chai. Dozi ile ilifunga mkasi na kila kitu kingine, na virusi havikuonekana kwa kuwa hapakuwa na wa kuvipangisha.

"Yaani umemfukuza mpangaji kwa kubomoa nyumba," nikamwambia, "halafu ukanipigia nikupongeze."

Akacheka, pini ikamchoma, akalia kidogo. Nikampa ushauri wa mtu mzima: asikitaje hicho kisahani. Koti lilikuwa zuri mno, watu wangetazama koti.

"Na dawa hiyo ukija kuinywa wewe, Mjomba?"

Nikauondoa ushauri wangu taratibu.

Kilikuwepo kisahani cha dozi ndogo alichokidharau kwa sababu kilibaki na virusi. Akarudi maabara kukitazama upya, pamoja na pacha wake wa dawa tupu. Jumatatu akasimama na koti langu, akaanza na seli zilizokufa. Anasema wenzake waliinamisha macho, mmoja akajifanya anatafuta kalamu. Ndipo akaonyesha dozi ndogo: virusi vimepungua zaidi ya nusu, seli zimeng'ang'ania kitako cha kisahani, nono, zinagawanyika kama hakuna kilichotokea.

Mkuu akauliza jambo moja tu: kile cha dawa tupu, safari hii amekitazama?

"Nimekitazama, Daktari, kabla ya kumpigia simu mtu yeyote."

Akaambiwa aendelee na mkasi wake, arudie jaribio mpaka majibu yachoke kumbishia. Vyombo ataosha mwingine.

Dada yangu, mama yake, anadai sasa iliyobaki ni aibu yangu, nipite mtaani nikasahihishe. Nimeanza na kinyozi. Nimemwambia ukoo wetu umemaliza maradhi nusu. Akazima mashine, akaniuliza nusu ipi.

Nimemwambia ile mbaya zaidi.