Maskati, kwa Mfaransa Aliyetuambia Tungoje

Nilitoka kwetu Pemba kwa sababu ya picha. Zuwena, binti wa jirani yangu, anapika katika nyumba moja ya Maskati. Siku moja alipiga simu: "Mzee Khatib, daraja letu limetundikwa ukutani kwa tajiri wangu! Kumbe ndiye aliyelijenga!"

Daraja hilo linavuka mkono wa bahari wenye mikoko, baina ya nyumba zetu na makaburi yetu. Nguzo zake ni imara na mgongo wake umenyooka, ila ncha zake mbili zinaning'inia hewani, kwa kuwa matuta ya mawe na udongo ya kupandia hayakujazwa. Injinia wa Kifaransa alipomaliza kumimina zege alituambia: "Ngoja. Asiguse mtu mpaka niseme." Akaondoka. Nasi, alhamdulillahi, ni watu wa subira. Waliokuwa wavulana siku ile leo wana wajukuu, na maiti zetu bado tunazivusha matopeni, maji yakitoka.

Dada yangu, Bi Time, ana maradhi ya moyo. Alinishika mkono akasema: "Khatib, mume wangu mlimwangusha kwenye tope na sanda yake. Mimi nnakuomba, nikifa, nisipite pale." Nikamwahidi.

Asubuhi ya kuondoka, sheha wetu, mkubwa wa kijiji, alinisindikiza hadi bandarini Mkoani. Aliniusia nizungumze kwa adabu, nisimuudhi Mfaransa asije akakasirika akaacha kurudi. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Maskati nilipokewa na Nasor, mtoto wa marehemu kaka yangu, nikafikia kwake Mawaleh. Nyumba yake ni baridi ndani kama kisima, na watoto wake wananisalimu kwa Kiswahili kisha wanagombana kwa Kiarabu. Nilipomweleza haja yangu alicheka mpaka akavua kofia.

"Ami, wallahi nyie mngengoja hadi lipulizwe baragumu la Kiyama!"

"Tuliambiwa tungoje."

"Na mkaanguka kwenye tope kwa adabu. Khalas, Ijumaa nakupeleka."

Ijumaa, baada ya sala, tulishika njia ya Sidab. Njiani tulipita juu ya daraja pana lenye taa pande zote mbili. Chini yake palikuwa na kokoto kavu na mbuzi wawili waliolala.

"Hili nalo ni lake," Nasor akasema. "Zuwena kaniambia."

"Mto uko wapi?"

"Haupo, Ami. Unakuja ikinyesha."

Nikamshukuru Mungu anayegawa riziki apendavyo. Huku Mfaransa amejenga daraja lenye njia lisilo na maji, kwetu amejenga lenye maji lisilo na njia. Mtu angeyaunganisha mawili hayo, angepata daraja moja kamili.

Sidab, nyumba yake iko juu ya miamba, inatazama boti za wavuvi. Zuwena alitufungulia, akatuwekea kahawa na tende, akanikonyeza. Mfaransa mwenyewe, Bwana Marseli, akatoka: mzee mrefu, mwembamba, amestaafu, mwenye furaha ya mtu asiyedaiwa jawabu.

"Jambo, fundi!" akaniambia. Nimefundisha Kurani maisha yangu yote, lakini nikaitikia. Kiswahili alichobakiza kilikuwa cha kuamuru vibarua: lete, mimina, ngoja. Mengine aliyasema kwa Kiingereza, Nasor akatufasiria.

Alitusimulia maisha yake, nasi tukasikiliza, maana mgeni hana haraka. Alizaliwa Ufaransa, katika mji mdogo wenye mto. Babu yake alikuwa akivusha watu kwa chombo cha kuvutwa kwa kamba, mpaka serikali ikajenga daraja na mzee akakosa kazi. Mjukuu hakumlilia babu, alilipenda daraja. Akasoma hesabu za uzito na upepo, akasimamia upakaji rangi wa daraja la reli, akaletwa kwetu angali kijana, kisha akaitwa Ghuba, na huku akapata cheo na nyumba. Mke wake wa kwanza alimwacha kwa kuwa hakuwa akionekana nyumbani. Habari hiyo aliimaliza kwa maneno machache kuliko aliyotumia kueleza boliti.

Kisha akatupeleka kwenye picha. Lilikuwa daraja letu hasa, limepigwa kwa ubavu, maji yamejaa. Ncha zake hazikuonekana. Fremu ilikuwa imezikata.

"Hili lilinipatia nishani," akasema. "Watu wanalitumia sana?"

"Sana," nikamjibu. "Tunapanda kwa ngazi ya boriti, tunaanikia karafuu. Lina jua na upepo, na kuku hawafiki."

Nasor alifasiri akiangalia sakafu. Zuwena alikimbilia jikoni.

"Karafuu? Na njia?"

"Uliposema tungoje, tulingoja. Nimekuja kukuuliza, tungoje mpaka lini?"

Akaweka kikombe chini. "Zege linahitaji mwezi kukomaa. Mwezi tu! Kwa nini hamkujaza?"

"Ulisema asiguse mtu mpaka useme. Hukusema."

Kisha akasema alikuwa amehamishiwa kazi nyingine, na matuta yalikuwa katika mkataba wa watu wengine. Nikamwambia tope letu halijui mikataba, na dada yangu hataki kupitishwa humo. Hapo ndipo aliponitazama mimi badala ya picha.

"Jazeni," akasema taratibu. "Mawe makubwa chini, pande zote mbili kwa pamoja, mshindilie kila tabaka."

"Sema kwa Kiswahili, kijiji kisikie."

Zuwena akatoka jikoni, akachukua simu yangu akarekodi, na mzee yule akasimama wima kama siku za ujana wake, akapiga kelele: "Jaza, fundi! Lete mawe! Jaza!"

Nilirudi Pemba na sauti hiyo kwenye simu yangu. Nikaifungulia barazani. Watu wakafurahi, ila sheha akakohoa.

"Habari njema. Lakini karafuu za mke wangu bado mbichi kule juu. Tungoje msimu uishe."

"Sheha," nikamwambia, "Mfaransa kanipa ruhusa yake baada ya umri mzima. Yako sijaja kuiomba." Nikabeba jiwe, na watu wakanifuata.

Nimesafiri nikajifunza hili: subira ni ibada anapongojewa Mwenyezi Mungu. Kumngoja Mfaransa aliyekwisha kutusahau ilikuwa uvivu wetu tu, tumeushikisha tasbihi.

Matuta yalipokamilika, Bi Time alikuwa hai. Alivuka kwa miguu yake kwenda kumzuru mumewe, akisimama kila mara kuvuta pumzi. Katikati ya daraja alitukuta sote tumejipanga kandoni, tunamtazama kwa huruma.

"Mnanitazamia nini?" akasema. "Njia ndiyo iko tayari. Mimi bado. Ngojeni!"