Tangazo la Mnanaa

Zdravka na Ralitsa waliishi nyumba moja mjini Vratsa mpaka nywele zao zikaanza kuota mvi, na majirani walijua Zdravka ni mpangaji. Ralitsa alipofariki kwa saratani, mama yake, Bi Tsvetana, mjane wa hakimu aliyeishi ghorofa ya juu, aliandika tangazo la msiba. Likabandikwa mlangoni na kwenye kila nguzo ya mtaa, na picha ya marehemu, na majina ya wafiwa hadi binamu wa mbali. Zdravka hakuwemo.

Alimfuata Bi Tsvetana ngazini. "Mama, arobaini inakuja, utabandika mengine. Nitaje hata mwisho kabisa."

"Nikutaje kama nani? Tangu lini mpangaji akafiwa?"

"Andika rafiki."

"Rafiki jioni hurudi kwao, mwanangu. Wewe ulikuwa hurudi. Jina la mume wangu sitalitia midomoni mwa watu."

Palipobaki pa kuitwa mfiwa ni kwenye simu. Yeye na Ralitsa walikuwa katika kundi la Fesibuku la wanawake wanaopenda wanawake, waliotawanyika vijijini na miji midogo. Kwa kuogopa mabosi na kaka zao, walijiita majina ya mimea. Ralitsa alikuwa Mnanaa, Zdravka Kotimiri.

"Kula, Kotimiri. Umekonda hata maandishi yako yamekonda," Bizari, mwanakundi wa mji wa Vidin, alimtania. Kisha akaandika, "Tangazo tutachapisha wenyewe. Tunakuja."

Siku ya arobaini wakaja kweli, wanawake sita ambao hawakuwahi kuonana, na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, ya kumkumbukia marehemu. Bizari akatoa karatasi mkobani. Zdravka alitafuta humo uso wa Ralitsa, akaona picha ya kopo la mnanaa dirishani, ile aliyoitumia marehemu kundini. Chini yake: "Mnanaa wetu ametutoka. Wafiwa: Kotimiri, mwenzi wake, Bizari, Zafarani..." Jina halisi hawakulijua. Kundini hakuna aliyemuuliza mwenzake jina.

Wakalibandika mlangoni, kando ya lile la familia. Bi Tsvetana akatoka, akavaa miwani, akasoma neno kwa neno. Zdravka alimwomba Mungu mama huyo alichane; angalau angekuwa amekiri ni la nani.

"Liacheni," alisema mama. "Halimtaji mtu." Akaonja kijiko kimoja cha ngano yao, akawashukuru kwa adabu, akapanda ngazi.

Wageni walipokwisha kuondoka, jirani wa chini akasimama mlangoni akisoma.

"He, Zdravka! Mmefungua duka la viungo?"

"Ndiyo," alijibu Zdravka. "Limefungwa."