Kiduara Kati ya Mikuki Miwili

Harufu ya gunia la mchele lililolowa jasho ndiyo iliyonirudisha utotoni. Lifti ya jengo letu hapa Discovery Gardens, huku Uarabuni, ninapoishi na binti yangu Nekesa, ilikuwa imeharibika. Kijana mmoja Mghana, mlinzi anayekaa chumba kimoja na Wakenya ghorofa ya tatu, alikuwa akipanda ngazi na gunia kichwani. Alikuwa ameviringisha taulo likawa ngata chini ya gunia. Shingo wima, mikono ikining'inia, kana kwamba hakubeba kitu.

"Yalla, mzee, nipishe! Kichwa hakina breki," alisema, kwa Kiswahili alichofunzwa na wenzake.

Nilimpisha, nikabaki ukutani nikiitazama ile ngata hadi ikapotea juu.

Baba yangu alibeba vivyo hivyo. Mnaotoka kwetu, magharibi mwa Kenya, mtaielewa aibu yake: mwanamume alibeba begani, kichwani palikuwa pa wanawake. Alirudi na tabia hiyo kutoka vita vya Burma, pamoja na kopo la bati lenye beji ya kitambaa: mikuki miwili iliyopishana, imepita ndani ya kiduara. Nilipokuwa na miaka tisa hivi, kiduara hicho kilininyima raha. Mama alidhani ni shada la maua. Katekista alishikilia kuwa ni taji la miiba. Makokha, mwenye kinu cha kusagia mahindi, alisema ni nyoka anayejiuma mkia, hirizi iliyomrudisha baba akiwa hai. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Burma.

Nilipomuuliza baba mwenyewe, alijibu, "Hicho ndicho kilichotuvusha," akalifunika kopo.

Jumamosi moja tulipeleka mahindi kinuni, baba akitangulia, gunia kichwani juu ya ngata ya majani ya mgomba. Wanafunzi wenzangu walikuwa wamejaa pale.

"Haya, mpisheni mama wa watoto!" Makokha alipaza sauti. "Eti alikuwa askari. Askari gani huyu? Mpagazi wa Wazungu, basi!"

Watu walicheka mpaka unga ukawapalia. Mwenzangu mmoja akanigeukia. "We, huyo si babako?"

"Ni jirani tu," nilisema.

Baba alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Alishusha gunia, akapanga foleni. Mahindi yaliposagwa aliitupa ngata kando ya njia, akajitwika mzigo begani, na tangu siku hiyo hadi kufa kwake sikumwona tena akibeba kichwani.

Mimi si mtu wa kuridhika na "inasemekana". Nilipokuwa mwalimu wa historia nilikitafuta kiduara kile vitabuni, na nilipokipata baba alikuwa kaburini. Ilikuwa beji ya divisheni moja ya Afrika Magharibi, ya askari wa Naijeria na Gold Coast, Ghana ya leo, iliyopigana Burma katika misitu na mabonde ambako gari halikupita. Risasi, mabomu, chakula, hata majeruhi, vilibebwa na watu, na mizigo mingi ilikwenda vichwani. Wabebaji hao walikuwa sehemu ya divisheni yenyewe. Brigedi moja ya Afrika Mashariki iliwekwa kwa muda chini yake, na cheti cha baba cha kuachiliwa jeshini kinaitaja brigedi hiyo. Beji alipewa na nani, sijui, wala sitabuni.

Na kiduara? Kilikuwa ngata. Mikuki ilipitishwa ndani ya ngata ya mbebaji, kwa maana kwamba asipokuwapo wa kubeba, hakuna wa kupigana.

Mtoto aliyetamani kujua kiduara ni nini alikuwa akikitazama kila Jumamosi, juu ya kichwa cha baba yake, na akakikana mbele ya watu. Hilo sikuliandika katika daftari lolote la darasani.

Jioni ya siku ile ya lifti nilifuatana na Nekesa dukani, taulo dogo mkononi. Tulipotoka nililiviringisha, nikaliweka kichwani, nikaweka juu yake pakiti ya unga ya kilo mbili. Shingo ilitetemeka kidogo, kisha ikatulia.

"Baba, jamani, shusha! Watu wanatutazama. Watauliza huyu ni nani."

"Wakikuuliza," nilimwambia, "usiseme ni jirani."