Maziwa ya Mkimbiaji

Nikirudi kutoka mazoezini sikuruhusiwa kumgusa mwanangu. Mama mkwe alinisubiri mlangoni na kopo la maji baridi. Nilipaswa kwanza kujimwagia kifuani, kisha kukamua chini maziwa ya mwanzo, maana yalikuwa ya moto, yamechemshwa na jua na mbio, na yangemharisha mtoto. Binti yangu, ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza kutembea vizuri, alisimama nyuma ya gauni la bibi yake akilia na kuninyooshea mikono. Muuguzi wa kliniki alishaniambia kwamba maziwa ya mama hayachemki. Nilimwamini muuguzi, nikamwogopa mama mkwe, na mwisho nikakamua. Tena nilikamua zaidi kuliko nilivyoagizwa, kwa sababu mimi nikiambiwa jambo lina hatari sijui pa kuishia.

Tulikuwa tumepanga Nyasho, Musoma. Nilikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo, na kwa kweli niliajiriwa kwa ajili ya miguu yangu, kwani miaka ile viwanda vilikuwa na timu za michezo. Kocha wetu alijua mpira tu. Sisi wakimbiaji alituambia, "Kimbieni, mkichoka pumzikeni." Kwa hiyo nilijifundisha mwenyewe, kwa nguzo za simu za barabarani: nguzo moja mbio kali, nguzo moja taratibu. Nikikosea mpangilio nilirudi mwanzo, hata kama mvua inanyesha, hata kama najua mtoto analia.

Wanawake wa gengeni walinijua.

"Kibuyu kinapita!" mmoja alipiga kelele. "Wee mama, ukiyatikisa hivyo si utamletea mtoto samli?"

"Mwache, jioni tutaenda na ugali wetu!"

Nilicheka nao. Nyumbani nilikamua matone machache kiganjani, nikayachunguza kama kweli yameanza kuganda.

Kiwanda kilikuwa kinakufa polepole. Spea hazikuja, na mashine nyingi zilifunikwa maturubai. Ajabu ni kwamba maduka ya mjini yalikuwa yamejaa tena. Sabuni na sukari tulizozipangia foleni zilirudi, pamoja na marobota ya mitumba, na sisi tuliotengeneza nguo ndio tukawa tunaondoka. Neno la siku zile lilikuwa "kupunguzwa". Ikasemekana wanamichezo watakuwa wa kwanza, isipokuwa wale watakaochaguliwa katika mbio za mchujo Bunda kwenda kwenye mashindano ya viwanda vya nchi nzima. Nikaanza kufanya mazoezi asubuhi na jioni.

Mume wangu alikuwa fundi katika kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, na alirudi nyumbani Jumamosi. Jumamosi moja mama yake alilitoa la moyoni mbele yetu wote wawili.

"Mimi mvua ikianza narudi Butiama kulima, na mtoto naenda naye. Ananyonyaga kwa mtu anayehema kama ng'ombe wa jembe, atapona huyo?"

"Mama, bado mdogo," nilisema.

"Mdogo? Meno hayo anayokung'atia ni ya mdogo? Chagua, mwanangu. Ukiacha mbio, namwacha."

Mume wangu alitazama viatu vyake. "Akiacha mbio atapunguzwa, mama. Na mshahara wangu hautoshi, unajua." Alisema kweli, na nilimchukia kwa kuisema.

Nikachagua mbio. Kwao, mtoto akipelekwa kwa bibi kuachishwa kunyonya, mama yake haonekani mpaka mtoto asahau. Siku waliyoondoka nilijifunga kifua kwa kanga, nikaikaza mpaka kupumua kukawa shida, nikaenda kwenye nguzo zangu.

Sikuweza kusubiri. Jumapili moja nilipanda lori mpaka Makutano, nikashuka, nikakimbia njia iliyobaki hadi Butiama. Nilijiambia kwamba ni mazoezi ya masafa marefu. Nilisimama nyuma ya ua wa minyaa. Mama mkwe alikuwa akigeuza muhogo uliokuwa ukikauka juu ya mwamba, akanisikia nikihema.

"Nani anachungulia huko kama fisi?"

"Ni mimi, mama."

Alikuja haraka, akanishika mkono. Nilitegemea matusi, lakini alinong'ona tu. "Usimwite. Jana ndiyo kalala bila kukulilia. Ukiingia tunaanza upya, na safari hii atalia zaidi."

"Nimtazame tu."

"Haya, tazama. Lakini pumzi hiyo ishushe, atakusikia."

Tukasimama wawili. Binti yangu alikuwa akiwatupia kuku maganda ya muhogo na kuwagombeza kwa lugha ya bibi yake. Akamfukuza jogoo, akajikwaa, akaanguka kifudifudi. Mguu wangu ulishaondoka. Mama mkwe akaukaza mkono. Mtoto aliinua kichwa, akatazama huku na huku, akaita:

"Bibi!"

"Abee, naja!" akaitika, akaniacha pale.

Fulana yangu ilikuwa imelowa maziwa. Nikageuka, nikakimbia hadi Makutano. Nasema ukweli: nilikimbia vizuri kuliko siku zote. Sikusikia maumivu popote, na jambo hilo ndilo lililonitisha.

Bunda nilichaguliwa. Mume wangu alinipokea mwisho wa mbio na ndoo ya maji, akalia kwa furaha mbele za watu. Muda mfupi baadaye tuliitwa uwanjani kiwandani, tukaambiwa hakuna fedha za safari, timu imevunjwa, na wanamichezo wote tumepunguzwa. Meneja alitushukuru kwa kulitangaza jina la kiwanda.

Nikaenda Butiama, safari hii kwa ruhusa. Mama mkwe alikuwa amemwogesha mtoto na kumpaka mafuta.

"Haya, kasalimie," alimwambia.

Binti yangu alikuja, akasimama mbali kidogo nami, akainamisha kichwa.

"Kamoo."

"Umeona?" Mama mkwe alicheka kwa fahari. "Wote wanaopitaga hapa anawasalimia hivyo hivyo. Ana adabu huyu!"

"Marahaba," nilijibu.

Sikuwa na mazoezi jioni ile, wala zamu kesho yake. Nilikaa chini kwenye vumbi, nikasubiri asogee.