Mikia Isiyo na Macho

Mwaka ule viluwiluwi wangu waliishi jikoni kwa mama, katika mtaa wa Kasungami, ndani ya beseni lililofunikwa kwa gunia la makaa. Umeme wa chuo ulikuwa wa kubahatisha, na wenzangu wa maabara, wavivu wale, sikuwaamini hata kidogo. Kazi yangu ya kumaliza masomo ilihusu jambo dogo: ngozi ya mkia wa kiluwiluwi huuhisi mwanga yenyewe. Gizani chembe zake hutandaza rangi, mkia ukawa mweusi. Mwangani huikusanya katikati, mkia ukapauka. Hata ukiikata ncha ukaiweka peke yake majini, mbali na jicho na ubongo, itafanya vilevile. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu.

Lakini mama alikuwa mjane, na mjane mwenye kitu gizani hasemwi vizuri. Mtoto wa jirani alipopata homa isiyoshuka, maneno ya uchawi yakaanza bombani. Maandazi aliyouza mama yakawa yanarudi nyumbani kama yalivyotoka. Usingizi ukampotea.

Jumamosi moja asubuhi jirani akaja na wenzake wawili, mtoto mgongoni, wakasimama mlangoni.

"Mama, tunaomba tuone ile kitu unafichaka mu cuisine."

Kwetu, ukishukiwa hufungi mlango. Unakitoa kitu nje, jua likione na watu wakione. Nililibeba beseni kutoka jikoni hadi uani, nikaleta na sahani yenye ncha za mikia nilizozikata jana yake, nyeusi tii, nikaanza kufundisha kama profesa.

"Muangalie. Haina kichwa, haina macho. Mungoje kidogo."

Tukangoja juani, mtoto akipumua kwa shida. Taratibu zile ncha zikapauka, hadi zikawa na rangi ya maji ya mchele. Nikajivuna. Jirani akarudi nyuma.

"Imekatwa," akasema polepole. "Imekatwa na inaona. Sasa nani anaionyeshaka?"

Nikaanza Kifaransa. Ndiyo tabia yangu nikikasirika, na Kifaransa mbele ya mtu mwenye hofu ni petroli motoni. Mmoja wa wanawake wale wawili alishatoa simu, anamwita kaka yake aje na vijana. Hapo niliogopa kwelikweli. Vijana wakishafika uani kwa mjane, hakuna tena wa kusikiliza maelezo.

Mama akanisogeza kando. Akachota maji ya beseni kwa viganja viwili, akanawa uso, akasukutua na mdomo.

"Kama iko bulozi, inikamate miye wa kwanza. Siendi fasi yoyote. Mutanikuta hapa."

Yule mwenye simu akaishusha. Maji yalimdondoka mama kidevuni. Nikadhani tumepona. Jirani alimkazia macho, kisha akafungua kitenge, akamshusha mtoto.

"Basi ile maji haina mubaya," akasema. "Munipe na miye nimunaweshe mutoto. Kama inaonaka bila macho, itaona na bugonjwa yake."

Kama mtoto angenaweshwa maji yetu kisha akafa, lawama zingekuwa za mama, asiwe na uso wa kunawa tena. Na mama, maskini, alishachukua kikombe. Furaha ya kuaminiwa ilikuwa imemziba akili.

Nikalibinua beseni. Maji, viluwiluwi, kazi ya mwaka mzima, vyote vikaenda mferejini. Sahani nayo nikaimwaga. Viluwiluwi wakagaragara kwenye matope ya mfereji, mbele ya miguu yetu.

"Maji imeisha," nikamwambia jirani. "Mama, tupeleke mutoto ku hopitali. Sasa hivi."

Jirani alinitukana matusi ambayo sitayaandika hapa. Mama akaweka kikombe chini, akamchukua mtoto yeye mwenyewe, akatoka naye barabarani. Jirani akabaki hana la kufanya ila kumfuata mwanawe.

Kwenye kituo cha afya walimchoma mtoto kidole, wakasema ni malaria, wakasema tungechelewa kidogo tu, tungempoteza. Wakamtundikia dripu. Benchi la korido lilikuwa limejaa. Jirani, aliyekaa mwishoni mwake, akajibana ukutani, akapigapiga nafasi iliyopatikana kwa kiganja, bila kumtazama mtu.

"Ikala, mama."

Mama akakaa. Mimi nikatoka nje, nikalilia viluwiluwi wangu.