Mtunza Bustani Anayewapelekea Nyuki Habari za Kasri

Saa mbili asubuhi, ukungu ungali umelalia bustani ya kasri la Dunallarach, milimani Uskoti. Wattie Rennie anagonga mzinga wa nyuki kwa ufunguo wa lango, anainama na kunong'ona: "Haya, jamani. Bibi mwenye kasri kapata mjukuu wa kike. Na Ishbel…"

Honi inamkatiza. Basi la wageni limewahi.

Anageuka, uso umemwiva. Ishbel Geddes, mwokaji wa skoni, vile vimkate vya chai, katika mgahawa wa kasri, amesimama nyuma yake na kikapu cha mayai.

"Ishbel kafanya nini tena?"

"Hajafanya lolote. Kimbia, skoni zako zinaungua!"

"Zangu haziungui, mzee. Labda masikio yako."

Hapa husemwa kwamba nyuki wakifichwa habari ya nyumba, watahama. Kila harusi, msiba na uzazi wa ukoo wenye kasri, Wattie ndiye huwapelekea. Kazi hiyo aliachiwa na baba yake, pamoja na mkasi wa kupogolea.

"Mshahara haunenepeshi," anasema, akiwatangulia wageni kwenye msitu wa mialoni iliyokuwapo kabla ya jiwe la kwanza la kasri. "Lakini niambie, nani ana ofisi kama hii?"

Wageni wanacheka, wanakumbatia vigogo, wanapigana picha. Wattie anacheka nao, ila macho yanarudi kwenye moshi wa jikoni.

Binti wa Ishbel anataka mama yake ahamie kwake, mjini Glasgow. Jioni hii atapiga simu kupata jibu. Kasri zima linajua. Wattie, mgane kwa miaka sita sasa, anajua kuliko wote, na wiki nzima amezungumzia mvua tu.

Jioni, basi linapoondoka, anamkuta Ishbel akifuta meza.

"Mwanangu atapiga sasa hivi," Ishbel anasema. "Nimwambieje?"

"Mwambie kasri linakuhitaji."

"Kasri? Lina karne ngapi bila mimi?"

"Basi… wageni. Skoni."

"Skoni zinaokwa hata Glasgow, Wattie."

Simu inaanza kulia ndani ya aproni. Ishbel haipokei. Anamtazama tu, kitambaa mkononi.

Wattie anavua kofia.

"Mwambie Wattie Rennie anataka kumwoa mama yake."